Uwezo, Ufanisi na Utendaji: Istilahi za Upimaji wa Kilisha Umeme cha Kompyuta

Utangulizi

Katika matangazo ya zabuni na barua za kuagizia vifaa vya ofisi, mara nyingi hutokea sentensi ya namna hii: "Kompyuta iwe na pawasaplai yenye ufanisi wa hali ya juu wa wati 500." Kwa upande wa sarufi sentensi hiyo haina kasoro, na msomaji wa haraka ataipita bila kushtuka. Lakini fundi akipewa sentensi hiyo hiyo ili aikague bidhaa iliyoletwa, hatajua apime nini. Wati hazipimi ufanisi. Ufanisi hauna wati. Na "hali ya juu" si kipimo. Muuzaji yeyote anaweza kuleta kifaa chenye maandishi ya 500 ubavuni mwake, akadai kwamba ametimiza sharti, wala asipatikane wa kumpinga kwa hoja. Hivyo fedha za umma huweza kupotea kwa sababu ya neno moja lililowekwa mahali pa maneno matatu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kifaa hicho kinavyopimwa, na kwa njia hiyo kuonyesha kwa nini istilahi tatu, yaani uwezo, ufanisi na utendaji, hazina budi kutengwa. Hatuyaandiki kwa ajili ya mafundi, ambao kazi yao wanaijua, bali kwa ajili ya mfasiri anayepewa mwongozo wa kifaa, mwalimu anayeulizwa na wanafunzi wake, na mtumishi wa serikali anayetia sahihi hati ya mapokezi. Baadhi ya istilahi zinazotumika humu ni mapendekezo. Kila moja imeelezwa pale inapotokea, na zile kuu zimekusanywa mwishoni.

1. Kifaa chenyewe na jina lake

Umeme unaofika kwenye plagi ya ukutani ni mkondo geu, yaani mkondo ambao hubadili mwelekeo wake mara nyingi katika kila sekunde. Nchini Tanzania umekadiriwa kuwa na volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde; nchini Kenya ni volti 240 na mizunguko hiyo hiyo 50. Kompyuta haiwezi kuutumia umeme huo kama ulivyo. Sehemu zake za ndani zinahitaji mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu, tena wenye volteji ndogo. Kazi ya kubadili umeme wa ukutani uwe umeme unaofaa ndani ya kompyuta hufanywa na kasha la bati lenye feni, ambalo huwekwa aghalabu nyuma ya kompyuta ya mezani. Katika kompyuta zinazofuata vipimo vya ATX, vilivyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, kasha hilo limezoeleka kutoa mistari kadhaa ya umeme: volti 12, volti 5, volti 3.3, volti 12 hasi, na mstari mwingine wa volti 5 ambao hubaki hai hata kompyuta inapokuwa imezimwa.

Mafundi wa mjini huliita kasha hilo "pawasaplai", na hatuna sababu ya kuwakataza. Hata hivyo, katika maandishi rasmi yametumika majina mengine ambayo yanapotosha. "Chanzo cha umeme" hakifai, kwa kuwa kifaa hiki hakizalishi umeme wowote. Chanzo ni bwawa, mtambo au betri. "Ugavi wa umeme" ni jina la kitendo, na ni kazi ya shirika zima la umeme, si ya kasha moja. "Kigeuzi" kinakaribia ukweli, lakini hakitofautishi kifaa hiki na vingine vingi ambavyo navyo hugeuza umeme, kama vile transfoma.

Lugha yetu ina mtindo wa zamani wa kuunda majina ya vifaa kwa kuunganisha kitenzi na kitendwa chake: kipaza sauti, kinasa sauti, kipima joto, kifyonza vumbi. Kwa mtindo huo tunapendekeza "kilisha umeme", wingi wake "vilisha umeme", kwa maana ya kifaa kinacholisha sehemu nyingine umeme wa aina inayozifaa. Jina hili halidai kwamba kifaa kinazalisha, wala halisahau kwamba kuna wanaolishwa.

2. Uwezo

Uwezo wa kilisha umeme ni kiasi cha nguvu ambacho kifaa kinaweza kukitoa kwa mfululizo bila kudhurika, nacho hutajwa kwa wati. Ile 500 iliyoandikwa ubavuni ndiyo uwezo.

Hapa pana makosa mawili yaliyoenea, na yote mawili hutoka katika kutotenga istilahi. La kwanza ni kudhani kwamba kilisha umeme cha wati 500 hutumia wati 500 wakati wote. Sivyo. Kifaa hutoa kile tu kinachodaiwa na kompyuta. Ikiwa kompyuta ya karani inadai wati 60, kilisha umeme kitatoa 60, hata kama uwezo wake ni 500, kama vile mtungi wa lita 20 usivyomlazimisha mtu kunywa lita 20.

Kosa la pili ni kuchukua asilimia ya ufanisi na kuizidisha kwa uwezo: "Kifaa hiki ni cha wati 500 na ufanisi wake ni asilimia 80, basi kinatoa wati 400." Hilo nalo si kweli. Uwezo hutajwa kwa upande wa kutokea. Kifaa chenye uwezo wa wati 500 na ufanisi wa asilimia 80 kinapobebeshwa mzigo wake kamili hutoa wati 500 zote, lakini huchukua ukutani wati 625. Tofauti ya wati 125 haifiki kwenye kompyuta. Hugeuka joto ndani ya kasha na kutolewa nje na feni.

Mfasiri aangalie pia kwamba baadhi ya watengenezaji hutaja nguvu ya kilele, yaani ile ambayo kifaa huweza kuitoa kwa kitambo kidogo tu, badala ya nguvu ya mfululizo. Katika tafsiri hizi mbili zisiitwe kwa jina moja. Kifaa kinachotoa wati 500 kwa kitambo kidogo hakilingani na kile kinachozitoa kutwa.

3. Ufanisi

Neno ufanisi linatokana na kitenzi "fana". Tunasema sherehe zilifana, na mkutano uliofanyika kwa ufanisi ni ule uliofaulu. Hiyo ndiyo maana ya kawaida, nayo ni halali. Lakini katika sayansi neno hili limekwisha kupewa maana nyembamba, ambayo mwalimu anayefundisha mashine rahisi anaijua: ni uwiano kati ya kile kinachopatikana na kile kilichotumika. Kwa kilisha umeme:

ufanisi = (nguvu inayotoka ÷ nguvu inayoingia) × 100

Jibu lake ni asilimia, na haliwezi kufikia 100, kwa kuwa hakuna kifaa cha aina hii kisichopoteza chochote.

Upimaji wake hufanyika hivi. Kwa upande wa kuingilia, kilisha umeme huunganishwa na umeme ambao volteji yake imedhibitiwa isiyumbe, na katikati huwekwa mita ya wati. Kwa upande wa kutokea haiwekwi kompyuta, kwa sababu madai ya kompyuta hupanda na kushuka kila mara. Badala yake huwekwa mzigo wa kupimia, yaani chombo ambacho mpimaji hukiamuru kivute ampea kadhaa kutoka katika kila mstari, nacho kikavuta hizo hizo bila kubadilika. Kisha kifaa huachwa kipate joto lake la kawaida, na volteji ya kila mstari husomwa pale pale kwenye plagi ya kilisha umeme, ili upotevu wa nyaya za maabara usihesabiwe kuwa ni upotevu wa kifaa.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa kifaa cha wati 500 kilichobebeshwa karibu nusu ya mzigo wake. Mstari wa volti 12 unatoa ampea 17, yaani wati 204. Mstari wa volti 5 unatoa ampea 6, yaani wati 30. Mstari wa volti 3.3 unatoa ampea 4, yaani wati 13.2. Mstari wa volti 5 usiozimika unatoa ampea 0.4, yaani wati 2. Na ule wa volti 12 hasi ampea 0.1, yaani wati 1.2. Jumla ni wati 250.4. Ikiwa mita ya upande wa kuingilia inasoma wati 280, basi ufanisi ni asilimia 89.4, na wati 29.6 zimepotea kwa njia ya joto.

Kipimo kimoja hakitoshi, maana ufanisi hubadilika kadiri mzigo unavyobadilika. Kwa kawaida huwa mdogo pale mzigo unapokuwa mwepesi sana, hupanda kufikia upeo wake karibu na katikati, kisha hushuka kidogo kuelekea mzigo kamili. Kwa hiyo mtu anayetaja ufanisi bila kutaja mzigo hajatoa habari kamili.

Mpango unaojulikana zaidi wa kutoa vyeti vya ufanisi ni 80 PLUS, ulioanzishwa Marekani mwaka 2004. Sharti lake la awali lilikuwa kwamba ufanisi usipungue asilimia 80 katika mizigo mitatu: asilimia 20, asilimia 50 na asilimia 100 ya uwezo. Mwaka 2008 ziliongezwa daraja za shaba, fedha na dhahabu, na baadaye platini na titani. Kwa vifaa vya kompyuta za mezani vinavyopimwa kwa volti 115, daraja la shaba hudai asilimia 82, 85 na 82 katika mizigo hiyo mitatu. Daraja la dhahabu hudai 87, 90 na 87.

Mambo mawili yanamhusu msomaji wetu hapa. Kwanza, volti 115 ni za Marekani, si za kwetu. Kifaa hicho hicho kikipimwa kwa volti 230 kwa kawaida huonyesha ufanisi mkubwa kidogo, kwa kuwa mkondo unaoingia huwa mdogo na upotevu wake hupungua. Hivyo namba ya volti 115 isilinganishwe na namba ya volti 230 kana kwamba ni kipimo kimoja. Pili, majina ya daraja yanafanana na yale ya medali za michezo, na masikio ya watu huyapokea hivyo. Lakini dhahabu hapa haisemi kwamba kifaa ni bora kwa kila jambo. Inasema tu kwamba kinapoteza umeme kidogo. Mfasiri aliyeandika "cheti cha ubora cha daraja la dhahabu" amekipa cheti hicho maana ambayo hakina. Aandike "cheti cha ufanisi".

4. Utendaji

Je, kifaa kinaweza kuwa na ufanisi mkubwa na bado kikawa kibaya? Naam, kinaweza. Ndiyo sababu tunahitaji istilahi ya tatu. Utendaji ni jinsi kifaa kinavyoifanya kazi yake, nao hauna namba moja. Hupimwa kwa vipimo vingi, ambavyo vilivyo vikuu ni hivi:

(a) Uthabiti wa volteji. Mstari wa volti 12 hauna budi kubaki karibu na 12, mzigo uwe mwepesi au mzito. Miongozo ya ATX iliyotumika kwa miaka mingi huruhusu mkengeuko wa asilimia 5 juu au chini, maana yake kati ya volti 11.4 na 12.6. Kipimo hurudiwa huku volteji ya kuingilia ikipandishwa na kushushwa. Kwa vifaa vya volti 230, kati ya 180 na 265. Kipimo hiki kina maana kwetu, hasa mahali ambapo wananchi husema "leo umeme ni mdogo", wakiwa na maana kwamba volteji imeshuka.

(b) Viwimbi. Mkondo mnyoofu unaotoka haunyooki kabisa. Juu yake hubaki mawimbi madogo, ambayo mita ya kawaida haiyaoni, ila hujitokeza kwenye kioo cha osiloskopu. Tumeyaita viwimbi, kwa kuwa neno hilo limo tayari katika lugha kwa maana ya mawimbi madogo ya maji. Kiasi kinachoruhusiwa, kutoka bonde hadi kilele, ni milivolti 120 katika mstari wa volti 12, na milivolti 50 katika mistari ya volti 5 na 3.3. Viwimbi vikizidi, kompyuta huweza kukwama bila sababu inayoonekana, na kapasita zake huchakaa mapema.

(c) Muda wa kustahimili. Huu ni muda ambao kilisha umeme huendelea kutoa volteji sahihi baada ya umeme wa ukutani kukatika. Kwa miaka mingi kipimo cha ATX kilikuwa milisekunde 16 hadi 17 kwa mzigo kamili, karibu sawa na mzunguko mmoja wa umeme wa Marekani, wenye mizunguko 60 kwa sekunde. Kwetu mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Muda huo ni mfupi kuliko kufumba na kufumbua, lakini ndio unaoamua kama umeme ukicheza kidogo mwalimu anayeingiza alama za mtihani ataendelea na kazi yake au ataanza upya.

(d) Kinga. Mpimaji husababisha shoti kwa makusudi, huzidisha mzigo, na hutazama kama kifaa kitajizima salama au kitaungua.

(e) Joto. Vipimo vya vyeti vya ufanisi hufanywa katika nyuzijoto za Selsiasi zinazokaribia 23. Lakini mwongozo wa ATX hutaka kifaa kifanye kazi hata hewa inayokiingia ikiwa na nyuzijoto 50. Chumba cha ofisi kisicho na kiyoyozi, mjini Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, hakifanani na maabara. Kwa hiyo hati inayotaja uwezo bila kutaja joto ina pengo.

Ni dhahiri sasa kwamba cheti cha ufanisi hakigusi hata kimoja kati ya vipimo hivi vitano. Kifaa kinaweza kupata asilimia 90 na bado viwimbi vyake vikapita kiasi. Kadhalika kinaweza kuwa thabiti kwa kila namna na bado kikawa mlafi wa umeme.

5. Nguvu, nishati na nguvu ionekanayo

Mtumishi anayetaka kujua faida ya ufanisi kwa fedha atahitaji kutenga nguvu na nishati. Nguvu ni kasi ya kutumia, nayo hupimwa kwa wati. Nishati ni jumla ya kilichotumika, nayo hupimwa kwa kilowati-saa. Uniti anayoinunua mwananchi wa Tanzania kwa LUKU ni kilowati-saa moja. Tuseme kompyuta inadai wati 100. Kilisha umeme chenye ufanisi wa asilimia 80 kitavuta wati 125. Chenye asilimia 90 kitavuta wati 111. Kwa saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, tofauti ni karibu uniti 28 kwa kompyuta moja. Kwa ofisi yenye kompyuta 100 ni karibu uniti 2,800 kila mwaka, ambazo zote zimelipiwa ili kupasha chumba joto.

Iko pia nguvu ya aina nyingine ambayo jina lake limewasumbua wafasiri. Vilisha umeme vya bei nafuu huvuta mkondo kwa vishindo vifupi vifupi badala ya kuuvuta sawasawa. Nyaya na jenereta hulazimika kubeba mkondo mkubwa kuliko unaostahili kazi inayofanyika. Ukizidisha volti kwa ampea zinazosomwa, unapata volti-ampea nyingi kuliko wati za kweli. Wengine wameita jumla hiyo "nguvu dhahiri". Jina hilo halifai, maana kwa Mswahili jambo lililo dhahiri ndilo lililo kweli bila shaka, hali hapa kinachotajwa ni kile kinachoonekana tu kuwa kipo. Tunapendekeza "nguvu ionekanayo", kinyume chake ikiwa "nguvu halisi", na uwiano wa ya pili kwa ya kwanza uitwe "uwiano wa nguvu".

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Shule yenye kompyuta 20, kila moja ikivuta wati 125, inahitaji wati 2,500. Ikiwa uwiano wa nguvu ni 0.98, jenereta itabebeshwa karibu volti-ampea 2,550. Ukiwa 0.6, itabebeshwa karibu 4,170. Jenereta ya volti-ampea 3,000 itatosha katika hali ya kwanza na kuzidiwa katika hali ya pili, ingawa wati ni zile zile.

6. Sentensi ya zabuni ikiandikwa upya

Tukirejea sasa kwenye sentensi tuliyoanza nayo, tunaweza kuiandika hivi:

"Kilisha umeme kiwe na uwezo wa kutoa wati 500 kwa mfululizo katika nyuzijoto 40 za Selsiasi. Ufanisi wake, ukipimwa kwa volti 230, usipungue asilimia 90 katika nusu ya mzigo. Uwiano wa nguvu usipungue 0.9. Katika mstari wa volti 12, mkengeuko wa volteji usizidi asilimia 5 na viwimbi visizidi milivolti 120. Muda wa kustahimili usipungue milisekunde 16 kwa mzigo kamili."

Sentensi zimekuwa nyingi, lakini kila moja inapimika, na kila moja inaweza kukataliwa au kukubaliwa na mpimaji. Hiyo ndiyo kazi ya istilahi.

Orodha ya istilahi zilizotumika

kilisha umeme: kifaa kinachobadili umeme wa ukutani uwe mkondo mnyoofu wa volteji zinazohitajiwa na kompyuta.
kinga: mpango wa ndani wa kifaa kujizima kinapopatwa na hatari.
mkengeuko: tofauti kati ya volteji iliyotakiwa na iliyopatikana.
muda wa kustahimili: muda ambao volteji hubaki sahihi baada ya umeme kukatika.
mzigo wa kupimia: chombo kinachovuta mkondo wa kiasi kilichoamriwa wakati wa upimaji.
nguvu ionekanayo: volti zikizidishwa kwa ampea, hutajwa kwa volti-ampea.
ufanisi: nguvu inayotoka kwa kila 100 inayoingia, hutajwa kwa asilimia.
utendaji: jinsi kifaa kinavyotimiza kazi yake katika vipimo vyote.
uwezo: nguvu ya mfululizo ambayo kifaa kinaweza kuitoa, hutajwa kwa wati.
uwiano wa nguvu: nguvu halisi ikigawanywa kwa nguvu ionekanayo.
viwimbi: mawimbi madogo yanayobaki juu ya mkondo mnyoofu.

Hitimisho

Hatudai kwamba neno ufanisi liondolewe katika hotuba na taarifa za mwaka, ambamo lina maana yake ya kawaida ya mafanikio. Tunachodai ni kwamba likiingia katika hati ya upimaji au ya ununuzi, lisitumike ila kwa ule uwiano mmoja tu. Wasomaji wenye maoni juu ya mapendekezo haya, hasa walimu wa fizikia na mafundi walio na majina bora zaidi ya vitu hivi, wanaombwa kuyaleta, ili istilahi zitakazokubaliwa ziwe zile ambazo mpimaji, muuzaji na mnunuzi wanazielewa kwa namna moja.